Uzi wa Bluu kwenye Usukani

Nianze na goti, kwa sababu bila goti hakuna cha kusimulia. Goti langu la kulia limekanyaga cherehani tangu nikiwa msichana wa Buyenzi, na halikuwahi kulalamika mpaka mafuta yalipoadimika hapa Bujumbura. Mabasi ya kwetu Musaga yakawa ya kuhesabu kwa vidole. Watu walijipanga mustari tangu saa tisa mchana, na basi likifika, loo, hapo ndipo unapojua nani alikula ugali na nani alilala njaa. Mimi mwanamke wa miaka hamsini na kitu, na kikapu changu cha nguo za watu, ningegombania mlango na nani? Nikaamua kutembea.

Asubuhi si neno, maana kutoka Musaga kwenda mjini ni kuteremka. Jioni ndiyo adhabu. Nilikuwa nafunga meza yangu ya kushonea pale Asiatique, mtaa wa maduka mjini, kwenye baraza la duka la vitambaa, halafu napanda, napanda, napanda, mpaka nikifika nyumbani goti limevimba kama andazi.

Sasa mimi, Mungu anisamehe, mdomo wangu hauna kufuli. Jioni moja niliingia, nikatupa kikapu chini, nikamkuta mume wangu amekaa pale pale nilipomwacha asubuhi, kwenye kiti chake cha plastiki, redio mapajani. Nikamwambia, "Wewe umekaa tu kutwa kucha, na mimi nafia barabarani!" Nililiona neno linatoka na sikuweza kulirudisha. Alizima redio kwa mkono wa kushoto, akainamisha kichwa.

Mkono wa kushoto, nasema, kwa sababu wa kulia ulikuwa umekufa nusu. Miaka miwili kabla ya hapo kiharusi kilimkuta akiwa kazini. Mguu ulirudi, ukawa wa kuburuta, lakini mkono ulibaki unatetemeka na vidole havikunji vizuri. Na mtu mwenyewe alikuwa fundi. Miaka thelathini alikaa Asiatique, baraza la pili kutoka langu, akitengeneza redio, pangaboi, dinamo, pasi, chochote chenye waya. Cherehani yangu ya miguu yeye ndiye aliyeitia mota, ingawa umeme ukikatika narudi kwenye kukanyaga kama zamani. Alipougua watu walikuja kumpa pole, na kila mmoja alikuja na methali ile ile: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wa kwanza mume wangu alimshukuru. Wa tano alimwambia, "Basi kaazime mkono mwingine uniletee." Baada ya hapo sanduku la vyombo akalisukuma chini ya kitanda, na mimi nikaacha hata kufagia kule ndani ili nisiligonge.

Asubuhi iliyofuata neno langu lile, nilikuwa nachemsha chai. Akaniita.

"We mama. Nishushie ile kinga."

Sisi huku baiskeli tunaiita kinga. Na hiyo aliyoitaka ilikuwa ya kwake, VTT nyekundu, zile za kupandia milima, aliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Tangu augue ilikuwa inaning'inia ukutani kwenye misumari miwili, matairi yamelegea.

"Ya nini?"

"Ntakuwekea mota."

Nilicheka. Halafu nikamwangalia, yeye hacheki. "Na sanduku yangu," akasema, "itoe chini ya kitanda."

Hapo niliacha kucheka. Nilielewa kwamba kinga ilikuwa kisingizio. Kama kazi hii ingemshinda, sanduku lile lingerudi chini ya kitanda na lisingetoka tena, na yeye vilevile. Nililivuta kwa mikono miwili. Lilikuwa na vumbi la miaka miwili, na nililipangusa kwa kanga yangu.

Mota tuliipata kwa mteja wangu, mama mmoja Mkongomani wa Uvira anayevuka mpaka na vitenge. Nilimweleza shida yangu nikimpima kiuno, na baada ya wiki mbili akarudi na gurudumu zima limefungwa kwenye gunia, lenye mota katikati, na betri na vikorokoro vyake vya umeme ndani ya mfuko wa unga.

"Mama, njo hii ulikuwa unatafuta," akasema. "Fremu ilivunjika, lakini mota iko muzima kabisa. Bwana yako akiweza kuiamsha, nitakuja nipande na mimi."

Bwana yangu aligeuza gurudumu lile kwenye mapaja yake siku nzima. Alipiga spoku moja moja kwa ukucha, anasikiliza, anakaza, anapiga tena, kama mtu anayepima embe sokoni. Nilidhani ataanza na umeme. Wapi! Siku nne alikuwa kwenye freni tu. Alibadilisha raba, alibadilisha kamba za chuma, alinituma mjini kununua kamba nyingine kwa sababu ya kwanza ina kutu ambayo mimi sikuiona hata kwa miwani. Nilipoanza kunung'unika kwamba mimi nimeomba mota, si freni, akaniambia, "Kinga haijajua kusimama, usiifundishe kukimbia." Nikaenda zangu jikoni.

Mimi nilikuwa mshika taa na mshika waya. Kulehemu, yaani kuunganisha nyaya kwa risasi ya moto, alikataa nisiguse. "Mukono ni yangu," alisema. Basi alilehemu kwa kushoto, huku kulia kumelala gotini kunatetemeka peke yake, na tone la risasi likianguka penye si pake alilikwangua akaanza upya. Kazi ambayo zamani angeimaliza kabla chai haijapoa ilichukua mchana. Jasho lilimtoka mpaka kwenye ndevu. Lakini wallahi, jioni alikula sahani mbili.

Kufunga nyaya alifunga kwa uzi. Hilo ndilo lilikuwa la kwake, na mafundi wote wa Asiatique walilijua. Wengine wanazungushia utepe mweusi wa dukani, yeye hapana. Alisema jua la Bujumbura linayeyusha gundi ya utepe, lakini uzi haujui jua. Alichukua uzi wangu wa cherehani, ule mnene, anaupaka nta ya mshumaa, kisha anafunga fundo lake, mizunguko miwili na mmoja wa kurudi nyuma. Hata kujuana kwetu kulianzia hapo: kijana wa redio alikuja kuomba uzi, kesho yake akaja tena, keshokutwa tena, mpaka mama yangu akauliza redio gani hiyo inayokula uzi namna hii. Kwa kinga alitaka wa bluu, ule wa sare za shule. Mafundo alikuwa anafunga kwa kushoto na meno.

Alipomaliza nilizunguka kuiangalia, na moyo wangu ukashuka. Kwingine kote kazi ilikuwa safi. Lakini pale mbele, chini ya usukani, waya uliotoka kwenye mshiko wa kuongeza mwendo kwenda kwenye kisanduku cha umeme ulikuwa umening'inia kitanzi kikubwa, umelegea kama tambi. Nikasema moyoni: huo ndio mkono. Hapo alichoka. Na usiku ule ule nilimwona ana lengelenge la moto kwenye kidole gumba cha kulia, kubwa, limeshapasuka. Nilimuuliza lini amejiunguza. Aliangalia kidole kama cha mtu mwingine. Hakujua.

Niliogopa. Nitasema ukweli wangu wote hapa, kwa sababu mwishowe yeye hakunificha wake. Niliona barabara ile ya Musaga, malori yanashuka, mimi juu ya kitu kilichofungwa na mkono usiosikia moto.

Sasa kuna desturi. Kazi haitoki kwa fundi kabla fundi mwenyewe hajaijaribu. Redio ataisikiliza, pasi atapiga shati lake, kinga ataipanda. Aliniambia, "Usiwashe mota mupaka niijaribu mwenyewe." Ataijaribu vipi na mguu ule, hatukusema, si yeye si mimi. Umeme Musaga ulikuwa umekatika siku ya tatu, na betri ilikuwa haina kitu. Nikapata uongo wangu hapo hapo. Nikamwambia naipeleka Asiatique kuichaji kwenye jenereta la dukani, nitaiteremsha kwa mkono, jioni nitairudisha.

"Sawa," akasema. "Lakini usiwashe."

Sikwenda Asiatique moja kwa moja. Nilikwenda Buyenzi, mtaa wa jirani, kwa mwanafunzi wake wa zamani, mtu mzima sasa mwenye mvi kwenye ndevu na karakana yake mwenyewe. Alipoiona kinga aliinuka. Alipoona uzi wa bluu alicheka kwa furaha mpaka akapiga mkono pajani.

"Mzee amerudi kazini! Alhamdulillah!"

"Ifungue," nikamwambia. "Nyaya zote. Ulehemu upya, ufunge upya."

Furaha ikamwisha usoni. "Mama, kazi ya mzee mi siifungui. Yeye ndiye alinifundisha kushika koleo. Anajua umekuja?"

"Anajua."

Neno moja tu, na lilinitoka kirahisi kuliko bismillahi. Bado alisitasita. Nikamwambia atakayekaa juu ya kinga ni mimi, si yeye wala si mzee, na kama nitaanguka chini ya lori waje wote wawili kunizika na heshima yao. Akaosha mikono, akaanza. Alifungua mafundo taratibu, bila kuukata uzi, anautoa mzima mzima. Alipofika kwenye kile kitanzi chini ya usukani akasimama.

"Hapa, mama, mzee aliacha..."

"Hapo ndipo paliponileta," nikasema. "Kata. Ivute, inyooke, ikae kama mshono wa suruali ya harusi. Sitaki kuona kitu kinaning'inia."

Akakata. Akavuta. Akazungushia utepe mweusi, ukalala kwenye chuma umenyooka, na mimi nikaridhika kabisa. Nilipoondoka alinipa kikaratasi kilichokunjwa. Ndani ulikuwa ule uzi wa bluu, na alama za mafundo bado zimo.

"Ya mzee mimi siitupi," alisema.

Nikautia kwenye kopo langu la sindano. Na jioni, betri imejaa, nikiwa chini ya mlima na goti limeanza wimbo wake, niliwasha mota.

Weee! Kwanza ujue mimi kinga naijua. Utotoni niliiba ya kaka yangu, nikajifunza nyuma ya msikiti, na mama alinichapa kwa kuanguka na tena kwa kupanda. Lakini hii ilikuwa mambo mengine. Nilikanyaga kidogo tu, ikanichukua. Mlima ule ulionitoa machozi miezi yote ile ulikuwa unakuja kwangu wenyewe. Nilikuwa na suruali chini ya gauni, mtandio nimeufunga kwa pini mbili, na upepo ukaingia mpaka kwenye mabega. Mwanamume mmoja alikuwa anasukuma kinga yenye magunia mawili ya makaa, kifua wazi kinang'aa jasho. Nilipompita alisema, "Mama! Unatuacha?" Nikaona haya, nikapunguza, nikamsalimia vizuri. Lakini nilipompita tu, peke yangu barabarani, nikapiga kigelegele.

Mume wangu alikuwa mlangoni. Aliona nakuja nimekaa, miguu imetulia, mota inanguruma. Kwa hiyo alijua pale pale kwamba nimewasha bila yeye kujaribu. Nilijiandaa kugombezwa. Aliizunguka kinga mara moja, polepole, mkono wa kushoto ukipita juu ya nyaya, akafika mbele, akasimama pale chini ya usukani. Akashika freni ya mbele, akaiminya. Akashika ya nyuma.

"Goti?" akauliza.

"Halijui kama tumepanda."

"Basi vizuri," akasema, akaingia ndani. Nikashukuru Mungu. Nilidhani hakuona kitu.

Yakapita majuma matatu ya raha. Niliiacha kinga kila siku Buyenzi kwa yule mwanafunzi, natembea hatua chache mpaka kwenye meza yangu, jioni naichukua narudi nacheka. Nilikuwa nafika nyumbani jua bado lipo. Nilipika chakula cha maana, si ugali wa kukimbizana. Na kila asubuhi, nikitoka, mume wangu alikuja mpaka mlangoni na kunipa neno lile lile.

"Kata kona polepole."

"Nimesikia."

"Hasa ya kulia. Usigeuze usukani ghafla."

"Mzee, mi si mtoto!"

Kila siku ya Mungu. Nilianza kumwiga mbele ya wateja wangu, nakunja uso, naburuta sauti: "Kata kona polepole." Tulikuwa tunacheka mpaka yule mama wa Uvira anajifuta macho kwa kitenge. Nikasema kukaa nyumbani kumemfanya mwanamume awe mwalimu wa barabara.

Ijumaa moja wazee wawili wa msikitini walimsindikiza mpaka nyumbani, wakaikuta kinga imesimama uani. Mmoja akaizunguka, akapiga kofi. "Fundi! Kumbe mkono uko! Nani kasema umekwisha? Hii kazi ni yako?"

Nilikuwa nimeshika sinia la kahawa. Mume wangu alinitazama. Hakuwatazama wao, alinitazama mimi, akasema, "Muulizeni mama, ndiye mwenye kinga."

Nikasema, "Si yeye, nani mwingine?"

Wakampongeza, wakamshika ule mkono wa kulia, wakautikisa. Yeye akatabasamu kidogo, akaangalia kahawa. Na mimi nilirudi jikoni nikasimama tu, nimeshika tama, maana nilihisi nimempa mume wangu sifa ya mkono wa mtu mwingine. Nilitaka kumwambia usiku ule. Sikuweza. Nikasema kesho, na kesho ikawa na kesho yake.

Ikaja siku ya kulipia uongo wangu. Nilikuwa narudi na sare za shule thelathini kwenye keria, nyuma, nimefika kwenye mzunguko wa barabara chini ya mlima. Lori likanijia upande wa kushoto bila ishara wala aibu. Nikageuza usukani kulia, ghafla, wote. Kwenye chuma pakasikika "tak," kitu kidogo tu, kama uzi unaokatwa kwa meno. Freni zikashika, nikasimama salama kando, mguu chini, nasema shahada. Lori limeshaenda. Nikaongeza mwendo: kimya. Nikabonyeza, nikazungusha, nikaipiga kofi. Mota ilikuwa imelala.

Kinga yenye mota na betri ni nzito kama ng'ombe asiyetaka kwenda. Nilisukuma kutoka pale mpaka Musaga, na sare thelathini. Yule mtu wa makaa alinikuta njiani, safari hii magunia yake yameshauzwa, na hakusema hata neno la kunicheka. Alitundika kinga yake kwenye bega moja, akanisaidia kusukuma yangu kwa mkono mwingine mpaka njia panda. Goti lilikuwa linalia, na mimi nililia nalo.

Mume wangu alikuwa ametoka mpaka nje ya geti, na fimbo yake, adhana ya magharibi inaanza. Hakuuliza nini kimetokea. Aliuliza, "Imekatikia wapi?"

"Kwenye mzunguko."

"Ulikata kulia?"

"Kulia."

"Ndiyo. Kona ya kulia ndiyo waya ilikazwa zaidi."

Nilisimama nimeshika usukani. Maneno yake yalinifikia moja moja. Ilikazwa. Ya kulia. Kata kona polepole. Majuma matatu, kila asubuhi, mlangoni.

"Ulijua," nikasema.

Akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu. "Uzi yangu iko wapi?"

Nilitoa kopo la sindano kwenye kikapu. Nikampa kikaratasi, akakifungua, akauona uzi wa bluu na alama za mafundo yake, mzima, akajua pia ni mwanafunzi wake aliyeufungua bila kuukata. Akaguna tu.

Tulikaa kwenye jiwe la mlangoni. Nikamweleza yote: Buyenzi, lile neno "anajua," na jinsi mwanafunzi wake alivyotaka kunionya, nikamkatiza. Nikamwambia nilidhani kile kitanzi ni mkono umechoka.

"Waya ya pale lazima iwe na nafasi," alisema. "Usukani unageuka. Ukigeuka, waya inataka kwenda nayo. We ni fundi wa nguo. Shati ukiishona bila nafasi kwapani, mutu akinyanyua mukono inakuwa nini?"

"Linachanika."

"Basi."

Miaka zaidi ya thelathini nimewaachia watu nafasi kwapani. Nafasi hiyo ukiiona shati limelala mezani utasema fundi hajui kazi. Mtu akilivaa ndipo utajua. Na mimi, mwenye kujua hayo kuliko kujua jina langu, niliona mkono wa mgonjwa mahali palipokuwa na mkono wa fundi.

"Juu ya nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Ungenigombeza siku ile ile!"

"Ulikuja unacheka," akasema. "Tangu niugue, sikukuona unacheka ukiingia kwenye nyumba hii. Na freni niliziangalia. Freni hawakuzigusa. Waya ikikatika, kinga inabaki kinga, unashuka unasukuma. Ningeona freni imeguswa, usingetoka hapa."

Nikauliza kitu ambacho nilikuwa naogopa jibu lake.

"Iliuma?"

Aliuzungusha ule uzi kwenye kidole.

"Iliuma," akasema. "Sana."

Nikamwomba msamaha, na nililia vibaya, bila kujificha, kwa kinga na kwa lile neno la kukaa kutwa kucha ambalo hatukuwahi kulizungumza. Alinipiga piga mgongoni kwa mkono wa kulia, ule mzito. Akasema twende tukaswali, halafu tule, mtu hatengenezi kitu na njaa.

Jumamosi tulianza baada ya adhuhuri. Aliniita nikae chini, akanipa chuma cha kulehemu mkononi mwangu. Nilishangaa, nikamkumbusha alivyosema mkono uwe wa kwake.

"We una macho na vidole," akasema. "Lehemu. Mi ntafunga."

Nililehemu, yeye ananiongoza: ngoja ipate moto, sasa, toa, usipulizie. Nilijiunguza mara mbili na nikapiga makelele mara zote mbili. Kipande cha waya tulikiongeza, kitanzi kikarudi chini ya usukani, kikubwa, kimelegea, kibaya machoni, na nikakiona kizuri. Halafu akaupaka nta uzi ule ule wa bluu. Nikanyoosha mkono nimshikie ncha, nikidhani atafunga kwa kushoto na meno.

"Wacha," akasema.

Alifunga kwa kulia. Kidole gumba kilienda mahali ambapo kidole cha shahada hakipo, kikarudi. Uzi ulianguka, akauokota. Mzunguko wa kwanza ulipita. Wa pili ulitoka, akaanza tena. Mimi, ambaye hufunga fundo gizani nikiwa nagombana na mteja, nilikalia mikono yangu. Kweli niliikalia, chini ya mapaja, kwa sababu ilikuwa inataka kwenda yenyewe. Adhana ya alasiri iliadhiniwa ikaisha. Hakuinuka na mimi sikumwambia. Mzunguko wa kurudi nyuma ulipopita aliuvuta kwa meno, akashusha mkono, akapumua kama mtu aliyeteremsha gunia. Fundo lilikuwa kubwa na limekaa upande. Nililigusa. Lilikuwa limeshika.

Tuliswali. Tulipotoka nikaigeuza kinga ielekee getini.

"Panda," nikamwambia.

"Wapi?"

"Kwenye keria. Kazi haitoki kabla fundi hajaijaribu."

Akasema nina wazimu, watu wataonaje, mwanamke anambeba mumewe mchana kweupe. Nikamwambia watu hao hao walikuja hapa na methali moja mara tano. Akacheka, jino la pembeni likaonekana. Nilimshikia mguu akaupitisha, akakaa, akaweka fimbo mapajani, na mkono wa kulia akauzungusha kiunoni kwangu. Ulikuwa mzito na ulikuwa unatetemeka, na mtetemo wake niliusikia mpaka kwenye mbavu.

Tulitoka polepole. Jirani mmoja aliacha ndoo yake ikafurika bombani, anatuangalia. Mota ilinguruma, ikatuchukua wote wawili, mpaka mwisho wa njia yetu ya vumbi inapokutana na lami, pale panapotaka kukata kulia. Nikapunguza mwendo kama nilivyofundishwa, nikaminya freni, mikono yangu imekaza usukani.

Akaniegemea mgongoni, akasema sikioni kwangu, "Kata unavyotaka."